Dirisha jeusi, na swali la mvuvi wa Feri

Haya wasomaji wangu, kwanza naomba radhi kwa kuadimika. Kazi za gazetini zilinibana, na zile saa chache za usiku nilizobakiwa nazo nimezimalizia mbele ya dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na picha wala vitufe, naandika mistari ya maneno meupe. Mwenzangu ninayepanga naye nyumba alinichungulia siku moja akauliza kama nimeanza kazi ya kuvunja benki. Nikamwambia, "Hapana ndugu yangu, nachati tu." Mpaka leo hajaamini.

Basi leo nieleze hilo dirisha jeusi ni kitu gani, na wewe msomaji utaanzaje ukitaka kujaribu. Nitangulize msimamo wangu ili usije ukasema sikukuonya: naona kila kijana anayeishi kwa kuandika, hata kama kompyuta anaijua kwa kuchapa barua tu, ajifunze kuchati kwa njia hii japo mwezi mmoja. Simu ni rahisi zaidi, sibishi. Lakini simu imetuficha jambo moja kubwa, na dirisha hili linalionyesha waziwazi.

Kilichonisukuma ni aibu. Nilikuwa na mahojiano ya miezi minane na mzee mmoja mvuvi wa pale Feri, hapa Dar es Salaam. Tulikutana mara chache. Mengi alinitumia kwa kuchati kwenye simu, akisaidiwa na mjukuu wake. Siku alizotoka baharini, bei aliyouzia, ushuru aliolipa, mafuta aliyochoma. Yote yamo humo kwenye programu moja ambayo jina lake naliweka kando. Asubuhi moja nikaamka akaunti yangu imefungwa. Nikaandika malalamiko, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ikajibu maneno yaleyale. Siku ya nne akaunti ikafunguka yenyewe, lakini tupu kabisa. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, sikuwa na nakala hata moja.

Nikarudi Feri. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamwomba tuanze upya. Akanitazama kwa muda, akasema: "Si nilikwishakueleza yote? Umeyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Habari ile ilitoka, lakini imekonda, maana mhariri alikata kila takwimu niliyoshindwa kumwonyesha ilikotoka. Alikuwa na haki kabisa. Nilipomsimulia fundi wetu wa kompyuta pale ofisini, alicheka, kisha akaniambia, "Kaka, ungekuwa unachati IRC, saa hizi ungekuwa na faili." Ndipo safari ikaanza.

IRC ni nini?

IRC ilianzishwa Agosti 1988 na kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Ufini, anayeitwa Jarkko Oikarinen. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha makala haya: IRC si kampuni, wala si programu. Ni utaratibu tu, makubaliano ya jinsi kompyuta mbili zitakavyopelekeana mistari ya maandishi. Utaratibu huo uliandikwa na kutolewa hadharani Mei 1993, katika waraka unaoitwa RFC 1459. Yeyote anaweza kuusoma, akatengeneza programu yake ya kuchatia, au akafungua seva yake na kukaribisha watu.

Sisi waandishi wa habari tunapaswa kuiheshimu kwa sababu nyingine pia. Wakati wa vita vya Ghuba mwaka 1991, na tena Agosti mwaka huohuo kulipotokea jaribio la kupindua serikali mjini Moscow, watu walitumia IRC kupashana habari papo kwa papo. Facebook ilikuja 2004, WhatsApp ikaja 2009. Wazee hawa walitangulia mbali.

Programu za kuingilia IRC ziko nyingi. Kwa upande wa dirisha jeusi, yaani terminali, mbili ndizo zinazotajwa sana: irssi, iliyoanzishwa na Timo Sirainen na kutoka mwaka 1999, na WeeChat, iliyoanzishwa na Sébastien Helleu mwaka 2003. Zote ni programu huria na hazilipiwi. Mimi nimeanza na irssi, kwa hiyo nitaeleza hiyo.

Unaanzaje?

Kama kompyuta yako inatumia Ubuntu au Debian, fungua terminali uandike:

sudo apt install irssi

Mwenye Windows anaweza kuweka Ubuntu ndani yake kwa njia ya WSL. Na wewe usiye na kompyuta, usikate tamaa: kwenye simu ya Android kuna programu inaitwa Termux, ambayo ndani yake utaandika pkg install irssi. Ikimaliza kujiweka, andika irssi peke yake na ubonyeze Enter. Dirisha litafunguka, chini kabisa kuna mstari wa kuandikia.

Sasa shika kanuni moja kabla ya zote. Ukianza mstari kwa alama ya mkwaju, yaani /, programu inajua hiyo ni amri. Ukianza kwa kitu kingine chochote, hayo ni maneno yako, na yatakwenda kwa kila aliyemo kwenye chumba ulichopo. Kanuni hii imenitoa jasho, nitaeleza kwa nini.

Amri za mwanzo ni hizi. Jipe jina:

/nick jinalako

Kisha nenda kwenye mtandao wa seva. Mimi niko Libera.Chat:

/connect -tls irc.libera.chat 6697

Hilo neno -tls linamaanisha njia kati yako na seva imefungwa, aliye katikati hasomi. Ukishafika, jiandikishe ili jina lako lisichukuliwe na mwingine:

/msg NickServ REGISTER nenolasiri baruapepeyako

Utaletewa barua pepe yenye maelezo ya kuthibitisha. Siku nyingine ukirudi unajitambulisha kwa /msg NickServ IDENTIFY, ukifuatisha jina lako na neno lako la siri. Halafu ingia chumbani. Vyumba huitwa chaneli, na majina yake huanza na alama ya #. Kwa mfano /join #libera ni pa kuombea msaada wa mtandao wenyewe, na /join #ubuntu ni pa wenye maswali ya Ubuntu. Kila chaneli inafunguka kwenye dirisha lake. Unahama kwa kushika Alt na namba: Alt na 1, Alt na 2, na kuendelea. Kuongea na mtu mmoja faragha ni /query na jina lake. Kutoka chaneli ni /part. Kuaga kabisa ni /quit.

Hayo tu! Ukizijua hizo umeshakuwa mwenyeji.

Naam, nirudi kwenye jasho langu. Usiku wa pili nilikuwa nimo kwenye chaneli yenye mamia ya watu. Nikakumbuka sijajitambulisha. Nikaandika ile amri ya IDENTIFY haraka haraka, ila kidole kilipitia kitufe cha nafasi kwanza. Nafasi moja tu mbele ya mkwaju! Kwa irssi, mstari ule haukuwa amri tena. Ulikuwa hotuba. Neno langu la siri likasomwa na watu wa mabara yote, na kwa ujinga wangu lilikuwa ndilo hilohilo la barua pepe yangu. Hakuna aliyenicheka. Mtu mmoja akaandika nibadilishe sasa hivi, mwingine akanipa amri yenyewe ya kubadilishia, yaani /msg NickServ SET PASSWORD na neno jipya. Nikabadilisha huko, nikakimbilia kwenye barua pepe nikabadilisha na huko.

Fundi wetu akanipa dawa asubuhi yake: mambo ya neno la siri yafanyie kwenye dirisha namba moja. Lile halina chaneli, kwa hiyo hata ukikosea, maneno hayaendi kwa mtu. Na tafadhali, neno la siri la IRC lisiwe la kitu kingine chochote.

Adabu za humo

Wageni wengi wanaingia, wanaandika "hamjambo, kuna mtu?", wanangoja dakika tano, wanaondoka wakisema pamekufa. Hapajafa. Waliomo wako Ufini, Brazil, India, mmoja amelala, mwingine anapika. Wewe uliza swali lako moja kwa moja, kisha subiri, hata saa mbili. Kuuliza na kukimbia ni sawa na kubisha hodi mlangoni kwa mtu ukaondoka kabla hajasema karibu.

Ugumu mwingine ni lugha. Chaneli kubwa karibu zote ni za Kiingereza. Lakini hakuna wa kukuzuia kufungua ya Kiswahili: ukiandika /join na jina la chaneli ambayo haipo, inaanzishwa papo hapo na wewe ndiye mwenye nyumba. Mimi na wenzangu watatu wa dawati la habari tunayo yetu. Tunapeana humo namba za kurasa na makosa ya tahajia, mambo yasiyo na siri.

Kwa upande wa bando, raha tupu. Kwa utaratibu wa zamani, mstari mmoja wa IRC hauzidi baiti 512. Picha moja ya megabaiti 2 unayotumiwa asubuhi na shangazi, yenye maua na salamu, ni sawa na mistari hiyo karibu 4,000 iliyojaa hadi mwisho. Mahali ambapo mtandao unachechemea, maandishi matupu yanapita.

Kasoro moja kubwa: ukifunga kompyuta, au umeme ukikatika, umetoka, na yanayosemwa nyuma yako hayakusubiri. Wazoefu wanaendesha irssi ndani ya programu nyingine inayoitwa tmux, kwenye kompyuta isiyozimwa, wakaiacha humo. Unaandika tmux, unawasha irssi, unabonyeza Ctrl na b kisha d, unaondoka zako. Kesho unaandika tmux attach na kukuta kila kitu kinakungoja.

Na faili je?

Ndiyo, lile faili alilonitambia fundi. Ndani ya irssi andika /set autolog on, kisha /save. Kuanzia hapo kila neno linaandikwa kwenye folda iitwayo irclogs ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuyafungua kwa programu yoyote, kuyatafuta neno kwa neno, kuyanakili kwenye flashi, kuyachapa kwenye karatasi. Hata irssi ikifutika duniani kesho, faili zako zinasomeka.

Nilipoliona lile folda mara ya kwanza, lile swali la mzee wa Feri likanirudia. Sikuwa nimeyapeleka popote maneno yake. Tangu mwanzo hayakuwa mikononi mwangu. Nilikuwa mpangaji nikidhani nina nyumba.

Jamani, kwenye simu tumezoea kwamba chombo cha kuchatia, mahali pa kuchatia na mazungumzo yenyewe ni kitu kimoja chenye nembo moja na mwenyewe mmoja. Akifunga mlango, vyote vitatu vimekwenda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa saa kama sita, kwa sababu zote ni za kampuni moja na zilikaa kwenye mitambo yake. Yahoo Messenger ilifungwa Julai 2018. Skype ikafuata Mei 2025. Waliokuwa humo waliambiwa tarehe tu, wakahama.

Linganisha na yaliyotokea IRC. Hadi Mei 2021 mtandao mkubwa wa watu wa programu huria ulikuwa Freenode. Ukazuka mgogoro juu ya nani mwenye mamlaka ya mtandao ule. Wafanyakazi wake, ambao walikuwa wanajitolea, wakajiuzulu kwa wingi, na tarehe 19 Mei 2021 wakafungua mtandao mpya, huohuo wa Libera.Chat. Miradi mikubwa kama Ubuntu na Wikimedia ikahamia huko. Na mtumiaji wa kawaida alifanya nini? Alibadilisha anwani ya seva. Mstari mmoja! Programu ileile, mazoea yaleyale, faili zake za zamani ziko kwake. Mwenye nyumba aligombana na wapangaji, wapangaji wakabeba virago, na hakuna aliyepoteza barua hata moja aliyokuwa ameihifadhi.

Hicho ndicho dirisha jeusi linachofundisha. Unaandika mwenyewe jina la seva, kwa hiyo unajua uko kwa nani. Unachagua mwenyewe programu. Unawasha mwenyewe hifadhi. Vitu vitatu, vimeachana, na unavigusa kimoja kimoja.

Mambo ya kuchunga

Sasa nisije nikawapotosha wenzangu wa habari. IRC si mahali pa siri. Ile njia iliyofungwa inaishia kwenye seva. Wenye seva wanaweza kusoma, na kila aliyemo chumbani anaweza kuwa anahifadhi kama wewe unavyohifadhi. Kwenye mitandao mingi, amri ya /whois inaweza hata kuonyesha anwani ya kompyuta yako. Kwa hiyo mtoa habari anayehatarisha kazi yake au maisha yake usimlete humo kamwe. Kwa huyo kuna Signal, inayofunga ujumbe kutoka simu hadi simu, na kuna njia ya babu zetu, ya kukutana naye chini ya mwembe na simu zote mkaziacha nyumbani. Na hata lile folda la irclogs ni lako kulilinda: kompyuta ikiibwa nayo yameibwa.

Mhariri wangu naye ana hoja. Anasema, "Kijana, watu wako kwenye simu, wewe unajifungia na wazungu wa Ufini." Ni kweli. Mzee wangu wa Feri hataingia IRC, wala simtaki aingie. Nimekubali hilo, na ninaendelea kumtumia ujumbe kwa programu ileile ya simu iliyonifungia.

Kilichobadilika ni mimi. Kila Ijumaa jioni natoa mazungumzo ya kazi kwenye simu kuwa faili la maandishi. Programu nyingi zina nafasi hiyo, sikuwahi hata kuitafuta. Naweka nakala mbili, moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Namba muhimu naziandika pia kwenye daftari kwa kalamu. Mazoea hayo sikuyapata kwenye semina wala darasani chuoni. Niliyapata siku nilipoona folda dogo lenye maandishi yangu mwenyewe, nikauliza kwa nini mazungumzo mengine yote hayako hivyo.

Jumamosi iliyopita nilipita tena Feri. Nilikuwa na kompyuta mgongoni, nikamfungulia mzee faili lake: tarehe, bei, ushuru, mstari kwa mstari, yale aliyoyarudia kwa mara ya pili. Mjukuu akamsomea. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasahihisha bei moja ya kibua niliyokosea, kisha akauliza:

"Haya, na safari hii hayataondoka?"

"Yako hapa mzee, na mengine nyumbani."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye wavu wake.

Basi ndugu yangu, jaribu usiku wa leo. Ukikwama niulize, nami nikijua nitakujibu, nisipojua tutaenda kuuliza pamoja humo humo. Ila hakikisha hakuna nafasi mbele ya mkwaju! Alamsiki.